Mkono wa Wasia

Kabla ya kuingia kwenye maji makali, Mwantumu alilaza kasia mapajani, akainama, akayapiga maji kwa kiganja cha kushoto. Mara mbili, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua. Kisha akashika tena kasia, kayaki ikageuza pua, na mto Sorvaa ukamchukua.

Hizza aliyaona hayo akiwa kwenye kibanda cha mbao kule mto unapoingia baharini, blanketi mabegani, chai imempoa mkononi. Kwenye pua ya kayaki palifungwa kamera ndogo iliyomtazama Mwantumu usoni mchana kutwa, na kaskazini ile ya mbali, wakati wa kiangazi, ni mchana tu. Jua linazunguka pembeni mwa mbingu na halitui. Alimwona mkewe akimezwa na povu, akaibuka, akazama tena mpaka kifuani, akaibuka anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomkera. Hizza alikuwa kinyozi wa Korogwe, mtu anayesifiwa kwa kuwavunja wateja mbavu mpaka wembe unangoja, na katika ndoa yao yote hakuwahi kukipata kicheko cha namna ile kutoka kwa mkewe. Sasa huyu mwanamke, peke yake katikati ya nyika isiyo na mtu, alikuwa anacheka na nani?

Alijua anacheka na nani. Chini ya picha, kwenye kioo kile kile, ilipita mistari miwili. Mweupe ulikuwa wa mishipa ya Mwantumu mwenyewe. Mwekundu ulikuwa wa Kaniki. Maji yakitulia, mistari ilikwenda bega kwa bega. Yakichafuka, mwekundu ulipanda juu na mweupe ukajilaza chini yake, na Hizza akawaza kwamba hata mistari siku hizi haina haya.

“Amevuka vizuri,” alisema Daktari Atuganile, mwanamke wa Tukuyu mwenye sauti ya upole, ambaye ndiye aliyempandikiza Mwantumu na sasa alikuwa akimfuatilia kutoka hapo kibandani.

Hizza akajibu kwamba ndiyo, wamevuka vizuri. Daktari aliusikia huo wingi wake, akajitia hamnazo, akamimina chai nyingine.

*

Kaniki alikuwa mume wa kwanza wa Mwantumu, na alikuwa ameshakufa. Enzi za uhai wake hakukuwa na mpiga kasia kama yeye; alicheza na maporomoko ya Hale tangu hajaota ndevu, na watu walisimama kwenye mawe kumtazama wakisahau kilichowapeleka mtoni. Figo zikamwangusha. Alipoona hatapona, akiwa bado ana nguvu ya kushika kasia, akawaita watu wa maabara waje wachukue mikono yake.

Wakati huo jambo hilo halikuwa geni tena. Mkunga akikaribia kufa, au mfinyanzi, au fundi wa kuchonga milango, alivalishwa glavu ndefu za nyuzi zinazofika mabegani, akaombwa afanye kazi yake kwa siku kadhaa, na kila mshipa uliotikisika ukanaswa. Ustadi wote ule ukashindiliwa kwenye kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha, na mrithi akapandikizwa kipande hicho chini ya bega. Wataalamu wana jina lao refu. Watu walikiita mkono wa wasia, na jina hilo ndilo lililoshika.

Kaniki alimwachia mkewe mikono yake kwa sharti moja. Aipeleke kwenye mto Sorvaa, ambao alikuwa ameutazama kwenye ramani maisha yake yote na hakujaaliwa kufika. Mwantumu alikuwa fundi wa kushona mashuka na mapazia, na kabla ya hapo hakuwahi kushika kasia.

Hizza yeye alimfahamu marehemu vizuri. Ndiye aliyekuwa akienda nyumbani kwake kila Ijumaa kumnyoa kitandani, kabla ya sala. Kaniki siku za mwisho hakuwa na nguvu ya kuongea, kwa hiyo akimaliza kunyolewa alimgusa Hizza begani kwa kiganja cha kushoto, pa, pa, ndiyo asante yake. Na Hizza akifunga mkoba wake alimjibu, “Mpaka Ijumaa, bwana.” Alimpenda yule mtu, haki ya Mungu. Alibeba jeneza lake. Mwantumu akakaa eda mpaka ikaisha, na muda mrefu wa heshima ukapita, ndipo Hizza akatuma posa.

Suala la wasia lilipofufuka, wazee wa pande zote mbili walisema neno la marehemu halitupwi. Hizza akatabasamu, akasema hata yeye anaona hilo ni jambo la thawabu. Mtaa mzima ulimjua kama mtu asiye na kijicho, na sifa hiyo alikuwa akiipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akatia sahihi. Mwantumu akapandikizwa, akaanza mazoezi mtoni Pangani, na katika wiki chache akawa anateremka Hale huku watu wamesimama tena kwenye mawe.

Yangeishia mtoni, Hizza angeyameza. Lakini mchana mmoja baada ya chakula alikuwa amejinyoosha mkekani, tumbo limejaa, usingizi unamnyemelea. Mwantumu akapita nyuma yake kukusanya vyombo, na kwa kupita tu akamgusa begani kwa kiganja cha kushoto. Pa, pa. Kisha akaenda zake jikoni akiimba. Hakujua amefanya nini. Hizza alibaki pale macho kodo, mwili mzima umemsisimka, maana mguso ule aliujua.

Toka siku hiyo amani ilimtoka. Mume aliye hai unaweza kumfuata, mkatukanana, mkashikana mashati, yakaisha. Huyu utamfuata wapi? Na eda ile aliyokaa Mwantumu ilikuwa ya mtu aliyekufa mzima mzima. Mikono iliporudi, ikaingia nyumbani kwake, ikakoroga uji wake na kutandika kitanda chake, hesabu yake ilikuwaje? Hakuwa na kadhi wa kumuuliza bila Korogwe nzima kujua kesho yake kwamba kinyozi Hizza anamwonea wivu maiti. Akanyamaza. Akaanza kukonda.

*

Shingoni mwa Hizza ulining'inia ufunguo, kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati. Akikibonyeza kwa dole gumba na kulitaja jina kamili la mkewe, mkono wa wasia ungezimika kokote Mwantumu aliko, na haungewaka tena.

Sheria ilimpa ufunguo huo ndugu wa karibu, na kamwe si mpokeaji mwenyewe. Sababu aliwahi kuelezwa siku ya kutia sahihi. Kipande kile huanza kama mgeni, kisha taratibu huota mizizi kwenye mishipa, na kikishaota haking'oki bila kuiharibu mikono. Wapokeaji wa mwanzo waliulizwa wanataka kizimwe kabla hakijaota au kiachwe. Wote, bila kubakia hata mmoja, walisema kiachwe. Hapo wanasheria wakaingiwa na hofu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni mtu anayetaka au ni mkono. Basi wakamnyang'anya mpokeaji sauti, wakampa mtu anayempenda. Kwamba mtu anayempenda naye anaweza kuwa na yake moyoni, hilo hawakuliandika.

Hizza alikuwa na yake, na alikuwa ameyapanga kama mwizi anavyopanga dirisha la kuingilia. Kabla ya bahari lilibaki poromoko moja kubwa, korongo jembamba ambalo Mwantumu alilibatiza Koo. Angemwacha alivuke kwa mikono ya Kaniki, salama salimini, na akishatokeza tu upande wa pili, angebonyeza. Wasia umetimia, mke yuko hai, na marehemu arudi alikotoka. Alipoyafikiria hayo alijisikia vizuri, halafu alijisikia vibaya, halafu aliyafikiria tena.

Mwantumu akapiga simu kutoka kambini kwake juu ya Koo. Uso wake ulikuwa umebabuka kwa baridi na mbu, midomo imepasuka, na bado alikuwa mzuri kiasi cha kumuuma mtu. Akauliza kama Hizza yuko peke yake. Daktari Atuganile akachukua chupa yake ya chai, akatoka nje kwenye upepo.

“Nataka uuzime kesho,” alisema Mwantumu. “Kabla sijaingia.”

Hizza alidhani amesikia vibaya. Akasema si afadhali baada.

“Baada ya nani kuvuka? Mto wote huu nimeuteremka na sijui ni nani aliyeuteremka. Marehemu aliniusia nimlete, nimemleta. Hakuniusia anibebe mpaka mwisho. Koo nataka niingie mimi, na mikono yangu.” Akasogeza uso karibu na kioo. “Na wewe ninakuona, mume wangu. Tangu nilipopandikizwa una neno na hulisemi.”

Hizza akasema hana neno lolote. Mwantumu akamtazama kwa huruma, akamuaga.

Daktari aliporudi ndani, Hizza alimsimulia yote, kisha akamuuliza kwa nini wasingoje mpaka avuke, mbona muda bado upo. Akaambiwa muda haupo. Mizizi ilikuwa imeanza, na maji makali huiharakisha. Kwa nguvu zitakazotumika mle korongoni, ingemalizikia humo humo. Akiingia Koo na mkono wa Kaniki, atatoka nao mpaka kaburini. Hizza akauliza kuhusu helikopta ya kumchukua. Ingefika keshokutwa, Daktari akasema, na mizizi ingekuwa imeota hata hivyo, na mwenyewe Mwantumu alishaapa hapandi. Kurudi nyuma dhidi ya mkondo haiwezekani. Kando mbili zote ni majabali.

“Nikiuzima kabla,” aliuliza Hizza, “atabaki na nini?”

“Atabaki na kile ambacho mwili wake umejifunza wenyewe kwa kurudia rudia. Huenda ni nusu. Huenda ni kidogo sana. Mpaka maji yamuulize, hakuna anayejua.”

Hizza akakaa. Kile alichokuwa akikiombea kwa siri kilikuwa kimeletwa mbele yake kwenye sinia, na aliyekileta ni mkewe mwenyewe kwa hiari yake. Alikuwa na sheria upande wake, na ombi la mke upande wake, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Hapo ndipo alipojiogopa. Akibonyeza, je, atakuwa anamtii Mwantumu, au atakuwa anamuua Kaniki mara ya pili na kumtupa Mwantumu majini kama gharama yake? Akiacha, atakuwa amemwokoa mke au amemdharau? Alipekua moyoni mwake akitafuta sehemu moja isiyo na wivu aitumie kuamua, na hakuipata.

*

Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi juu ya Koo. Kamera ilimwonyesha Mwantumu ameketi kwenye kayaki kwenye maji yaliyotulia kando ya mwamba, kofia ya chuma imefungwa, na mbele yake, nje ya picha, mto ulikuwa unaporomoka kwa sauti iliyotikisa kipaza sauti cha kibandani.

“Tayari,” alisema. “Zima.”

Hizza alikuwa ameshika ufunguo, dole gumba liko juu yake. Alifungua mdomo kulitaja jina, Mwantumu binti Shekue, maneno matatu ambayo aliyasema kwa furaha siku ya ndoa. Kwenye kioo mstari mwekundu ulikuwa unapumua polepole. Daktari Atuganile alikuwa anamtazama yeye, si kioo. Ilipita muda, na Mwantumu akauliza kama mawasiliano yamekatika.

Hizza akauachia ufunguo, ukadondokea ndani ya shati.

“Nimeuzima,” alisema. “Sasa uko peke yako.”

Mwantumu akavifunga viganja vyake na kuvifungua, akivikagua. Akasema anahisi wepesi fulani, kumbe ndivyo inavyokuwa. Akasoma dua yake, akavuta pumzi. Na alipokwisha kuvuta pumzi, mkono wa kushoto ukashuka wenyewe, ukayapiga maji mara mbili. Macho yake yalikuwa mbele kwenye korongo, hakuuona. Hizza aliuona, akauma meno.

Koo likamla. Kwa muda kioo kilijaa weupe mtupu wa povu, kisha ukuta wa mwamba ukapita karibu kabisa, kisha uso wa Mwantumu, mdomo wazi, haucheki na mtu. Kayaki ikagonga kitu, ikalala ubavu, ikapinduka. Picha ikawa ya kijani kibichi, ya maji, na nywele za Mwantumu zilizochomoka kwenye kofia zilikuwa zinaelea. Hizza alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Alimwita Kaniki. Kwa sauti, mbele ya daktari, kinyozi yule alimwita mume mwenza wake kwa jina na kumwomba afanye haraka.

Mstari mwekundu uliruka, mweupe nao ukaruka, ikapandana, ikasokotana, na kiuno cha Mwantumu kikajipinda, kasia likakata maji, kayaki ikageuka na jua likarudi. Alikohoa maji, akapiga kasia kulia, kushoto, kulia tena, na korongo likamtapika kwenye maji mapana.

Chini ya picha ulibaki mstari mmoja, wa rangi ya waridi.

“Mkono umeota,” alisema Daktari. “Kuanzia sasa hata mimi siwezi kukwambia yupi ni yupi. Hata pale alipojiinua, siwezi kukwambia ni nani aliyejiinua.”

Hizza akaketi. Alikuwa ametarajia kwamba mtu akishatenda jambo kubwa namna hiyo, wivu nao unaona aibu unaondoka. Wapi! Ulikuwa pale pale ulipokuwa, umekaa kitako, tena sasa umepata makazi ya kudumu. Akamuuliza Daktari kama atamwambia Mwantumu.

“Mimi ni mtaalamu wa mishipa,” alijibu Daktari Atuganile. “Mambo ya kadhi ni yako.”

*

Mwantumu alifika kwenye mlango wa mto jua likiwa juu, akavuta kayaki kwenye changarawe, miguu ikamkataa, akaketi pale pale. Hizza alimkimbilia na blanketi. Mwanamke alikuwa anatetemeka na kulia na kucheka, na kicheko kilikuwa kile kile.

“Umeniona?”

“Nimekuona.”

“Nilipinduka, Hizza. Nikasema basi, ndiyo mwisho. Halafu mikono ikajua la kufanya. Hii hapa.” Akaiinua, ikiwa imechubuka vidole vyote. “Yangu mwenyewe. Wala sikumtafuta. Nilimsomea marehemu Fatiha kule juu, nikamwambia kwaheri, na nilipotokeza upande wa pili nikajisikia kama ndiyo kwanza natoka eda.”

Hizza akajikuta anamwonea wivu hata furaha hiyo, ambayo yeye ndiye aliyempa, kwa uongo. Ukweli ulimfika kwenye meno. Akiusema, atamnyang'anya mto mzima, pamoja na mikono, pamoja na siku hii. Na mkewe hatamwamini tena mpaka mmoja wao afe. Akinyamaza, watarudi Korogwe watatu, na mmoja tu kati yao ndiye atakayejua hesabu hiyo.

Mwantumu alikuwa anamtazama usoni. Akauliza, polepole, kama ni kweli aliuzima.

“Niliuzima,” alisema Hizza.

“Basi kilichobaki ni changu.”

Akasema hivyo na kumwangukia shingoni, mbichi na baridi kama samaki, uzito wake wote juu yake. Hizza akamkumbatia. Akafumba macho, akanusa maji ya mto kwenye nywele zake, na kwa mara ya kwanza tangu wafike kaskazini akahisi anaweza kulala usingizi. Ndipo kiganja cha kushoto cha Mwantumu kilipopanda mgongoni mwake, kikatafuta bega, kikaligusa. Pa, pa.

“Mpaka Ijumaa, bwana,” alisema Hizza kabla hajajizuia.

Mwantumu akainua kichwa, akauliza Ijumaa kuna nini. Hizza akamwambia hakuna kitu, twende ndani ukavue hizo nguo zilizolowa.